Barua Aliyoifuta Shangazi

Shangazi yangu alipiga chapa mahakamani miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kusoma karatasi iliyokuwa mbele yake kabla yeye mwenyewe hajaitoa. Hakimu akiingia, anaigeuza kifudifudi. Mleta chai akiingia, anaigeuza. Hata paka wa mahakama, wanasema wenzake, lakini hapo naona wanatia chumvi. Hukumu zilikaa mikononi mwake siku nzima kabla hazijasomwa, wenye kesi wako nje kwenye mabenchi roho juu, naye anapita katikati yao na mkoba wake, uso mkavu, anasalimia huku na huku. Kuna mwaka shemeji yake mwenyewe alikuwa na kesi ya kiwanja. Akamkaribisha chakula, akampakulia, akamwambia ale ashibe, na hakumwambia neno. Kesho yake shemeji akashinda kesi. Alinuna miezi miwili.

Nyumbani tukamwita Bi Funika. Anajua, wala hajali. Ukiingia chumbani kwake bila kupiga hodi atakuuliza mlango umekukosea nini.

Mimi ni mtoto wa kaka yake, fundi wa kompyuta, nina kibanda changu kwenye barabara ya nyuma ya hospitali. Kama hujawahi kuona mwanamke ameshika bisibisi, kompyuta iko wazi mbele yake, na mteja anamuuliza fundi mwenyewe yuko wapi, njoo siku yoyote ya wiki ujionee. Nayasema haya ili ujue kwamba mambo ya mashine nayajua vizuri, na kwamba kosa lililotokea lilikuwa langu. Ningeweza kulisimulia kwa namna nyingine nikatoka msafi, lakini Shangazi ataisoma hii.

Alipostaafu akanunua kompyuta. Wenzake walinunua makabati na televisheni, yeye kompyuta. Akapata kazi ya kuifanyia nyumbani. Kampuni moja inapokea rekodi za mikutano, mihadhara na mahojiano, inawatumia wachapaji majumbani kwao, nao wanaandika kila neno lililosemwa. Shangazi huisikiliza rekodi yote kwanza, hedifoni masikioni, macho amefumba, mikono mapajani. Ukimwona hivyo utadhani kasinzia. Halafu anairudisha mwanzo na kuchapa moja kwa moja, vidole vyote kumi, haangalii chini. Nimewahi kumtafutia kosa kwa kijicho tu, nikaambulia patupu.

Sasa, mwanzoni mwa mwaka kampuni ikawaandikia wachapaji wote. Kila mmoja aweke programu moja ndogo kwenye kompyuta yake, ili wasimamizi waweze kufuatilia kazi. Asiyeiweka hatapata rekodi mpya. Shangazi akaniita. Nikaenda saa saba mchana, sijala, na kibandani nimemwacha mteja anayenipigia simu kila dakika tano. Programu ilikuja na mkataba. Nikauteremsha kwa kidole mpaka chini kabisa, penye kitufe cha Nakubali.

"Umesoma?" Shangazi akauliza.

"Nimesoma."

"Wanasemaje?"

"Mambo ya kawaida tu. Wanataka kuona kazi inavyokwenda."

Akakibonyeza kitufe. Mtu aliyechapa mikataba ya watu miaka thelathini na moja alibonyeza bila kusoma kwa sababu mimi nilisema nimesoma. Hilo bado linanichoma nikilikumbuka, hata nikiwa nimeshiba.

Kuna jambo lingine nilikuwa silijui wakati huo, na afadhali nilieleze hapa. Shangazi alikuwa anaandikiana barua na fundi saa. Ni mzee wa taratibu, alifiwa na mkewe miaka mingi iliyopita, duka lake lina upana wa mlango mmoja na nusu. Tulichokuwa tunakiona sisi ni saa ya ukutani ya Shangazi, ambayo ilipelekwa kutengenezwa mara tatu kwa mwezi mmoja. Nikamwambia atupe hilo gae anunue nyingine. Akanijibu kwamba saa hiyo ina matatizo ya ndani na inahitaji subira. Na mimi fundi mzima, ninayewapiga wateja maneno kama hayohayo kila siku, nikaamini.

Fundi saa hapendi simu. Anasema kwenye simu mtu hujibu kabla hajafikiri. Kwa hiyo yeye akaandika kwa mkono, na Shangazi, ambaye mwandiko wake ni kama kuku ameparura, akajibu kwa kuchapa. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akaandika, akaitoa kwenye printa, akaitia kwenye bahasha na kuipeleka mwenyewe pamoja na saa. Miezi minane walifanya hivyo. Wana wawili wa Shangazi hawakujua. Mimi ninayekula kwake kila Jumapili sikujua. Halafu ikaja barua ambayo fundi saa hakuzunguka. Aliandika kwamba ana vyumba viwili na goti moja bovu, kwamba akisikia hatua za Shangazi mlangoni husahau kazi iliyo mkononi, na kwamba angependa waoane.

Siku tisa Shangazi hakujibu. Si kwamba hakuandika. Aliandika kila alfajiri.

Siku ya kumi akapigiwa simu na msimamizi wake, binti mwenye sauti nzuri ambaye walikuwa hawajawahi kuonana. Maongezi yenyewe nayaandika kama Shangazi alivyonipa, na yeye akikupa maongezi anakupa neno kwa neno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, ripoti inaonyesha unakaa hata dakika arobaini bila kugusa kompyuta. Kuna tatizo?"

"Nasikiliza."

"Ah, sawa. Nitaandika hivyo." Kisha binti akashusha sauti. "Mama, naomba nikuulize kitu, usinielewe vibaya. Yule baba wa saa, utamjibu nini? Maana sisi hapa ofisini tumegawanyika."

Shangazi anasema alisikia masikio yakiwaka moto, lakini sauti yake ikatoka ileile ya mahakamani. "Mmegawanyikaje?"

"Tuko watano. Watatu tunasema ukubali. Wawili wanasema usiharakishe. Lakini ile ya Jumanne, mama, uliyoandika kuhusu goti lake, mwenzetu mmoja alilia."

"Ile ya Jumanne niliifuta."

"Ndiyo, mama. Tuliiona kabla hujaifuta."

Shangazi akamshukuru, akamtakia kazi njema, akakata simu. Saa nne asubuhi alikuwa mlangoni pa kibanda changu, na kompyuta ameizungushia taulo na kuifunga kwa kamba. Akaiweka mezani kwangu.

"Niambie inafanya nini," akasema.

Nikaifungua. Haikunichukua muda, na kila nilichokiona kilinipunguzia urefu. Programu ilikuwa inapiga picha ya skrini kila baada ya dakika tatu na kuituma kwa kampuni. Si wakati wa kazi tu. Ilianza kompyuta ilipowashwa na kuacha ilipozimwa. Majibu ya daktari kuhusu macho yake yalikwenda. Picha ya mjukuu wake akiwa kwenye beseni ilikwenda. Zaidi ya hapo ilikuwa inaandika kila herufi aliyoigusa, pamoja na zile alizozifuta.

"Shangazi," nikasema, "ule mkataba sikuusoma."

Akanitazama. Nilikuwa tayari kutukanwa, na ningeshukuru.

"Una kurasa ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Zitoe."

Nikazitoa kwenye printa. Akakaa kwenye kigoda cha wateja, akavaa miwani, akaanza ukurasa wa kwanza, kidole chini ya mstari. Wateja waliingia wakaambiwa wangoje. Mmoja akaanza kulalamika, Shangazi akainua macho tu, mtu akatafuta pa kukaa. Alipofika ukurasa wa kumi na nne akaukunja pembe, kwa kuwa hapo palisema wazi: wakati wowote kompyuta imewashwa. Kwenye wa kumi na saba akatikisa kichwa na kuukunja pembe pia. Hapo palisema mfanyakazi anaweza kudai kila kisichohusu kazi kifutwe, mbele ya macho yake.

"Aliyeandika hii alikuwa na dhamiri ya ukurasa mmoja," akasema.

Ndipo akaniambia yote, ya fundi saa na ya barua, palepale katikati ya waya na feni mbovu. Alisema bila kunitazama.

"Kila alfajiri naandika ndiyo, nafuta. Naandika hapana, nafuta. Hivyo ndivyo ninavyofikiri mimi. Wengine hutembea. Sasa watoto watano wameketi ofisini wananitazama nikifikiri. Na mtu aliyeniuliza swali lake amekaa kule dukani siku ya kumi hajui lolote." Akavua miwani. "Nilitaka yeye awe wa kwanza kulisikia. Kwa mara moja katika maisha yangu nilikuwa na neno la kwangu mwenyewe, si la hakimu, si la mwenye kesi. Langu. Ni kubwa sana hilo?"

Nikalia, nasema ukweli. Nililia mbele ya wateja wawili na mwanafunzi aliyekuja kununua chaja. Shangazi akanipa taulo.

Nilipopata sauti nikamwambia kwamba naweza kuing'oa programu hiyo kwa dakika tano.

"Ukiing'oa, zile zilizokwenda zitarudi?"

"Hapana."

"Basi twende ziliko."

Ofisi yenyewe iko ghorofa ya tatu, juu ya duka la dawa. Chumba kimoja kirefu, meza tano, skrini mbilimbili, na mwisho wake chumba cha vioo cha meneja. Tulipoingia na Shangazi akajitambulisha, vijana wote watano walisimama kama darasa. Kijana mmoja mrefu alisimama kwa haraka mpaka kiti chake kikaanguka.

"Wewe ndiye uliyelia?" Shangazi akamuuliza.

"Ndiyo, mama."

"Pole."

Wallahi nilitaka kuwa na hasira nao, nilikuwa nimejiandaa ngazi zote tatu, nina maneno makali kibao. Lakini walikuwa wanamtazama Shangazi kwa haya na mapenzi, na yule binti msimamizi alikuwa amefumbata mikono kifuani. Hasira ikakosa pa kukaa. Nikaibakiza kwa ajili ya meneja.

Meneja akatoka, kompyuta yake kwapani, adabu nyingi. Akamkaribisha, akamwambia yeye ndiye mchapaji wao bora. Shangazi akashukuru, akaweka ule mkataba mezani, pembe mbili zimekunjwa.

"Mama, sisi hatumvizii mtu," meneja akasema. "Kila mmoja alibonyeza Nakubali kwa hiari yake."

"Nilibonyeza. Sikatai. Nimechapa mikutano yenu wenyewe mwaka mzima, hata ile mliyogombana. Umewahi kusikia neno limetoka kwangu?"

"Hata siku moja."

"Kazi yangu huwa inafika?"

"Inafika kabla ya wakati, mama."

"Sasa mnachungulia nini?"

Meneja akaanza kueleza mambo ya usimamizi wa kisasa, imani na takwimu, na jinsi uwazi unavyomsaidia mfanyakazi. Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, kama anavyosikiliza rekodi. Alipomaliza akamuuliza, "Na hiyo uliyoishika, imewekwa programu hii?"

"Hii?"

"Hiyo."

"Hapana, mama, hii ni yangu binafsi."

Alisema mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya watu saba. Nilimwona akilisikia neno lake likimrudia, na masikio yake yakabadilika rangi. Yule kijana mrefu akashindwa kujizuia, akacheka puani. Kisha meneja mwenyewe, na hapa lazima nimpe haki yake, akajishika paji la uso akacheka pia, akavuta kiti akakaa.

Baada ya hapo mambo yakaenda upesi. Kulikuwa na kompyuta kumi na moja za zamani kwenye stoo ya kampuni. Nikajikuta nimesema nitazifufua mimi. Kila mchapaji apewe moja ya kazi, hiyo ndiyo waitazame wapendavyo, na za watu za nyumbani waziache. Meneja akaliandika. Shangazi akamwomba aandike pia na tarehe, kisha aweke sahihi, kisha asome kwa sauti. Akasoma.

Ukabaki ukurasa wa kumi na saba, ule wa kufuta. Binti msimamizi akakaa mezani kwake, Shangazi kiti cha pembeni, mimi nyuma yao nimegeukia dirishani kwa amri.

"Unataka kuziona kwanza, mama?"

"Niliziandika mwenyewe, mwanangu. Futa."

Akafuta. Za mwezi wa kwanza, za mwezi wa pili. Nilisikia kitufe kikigongwa, kikigongwa. Mara kikanyamaza.

"Hii ni ile ya Jumanne," binti akasema. "Nayo?"

"Hiyo hasa."

Kikagongwa. Binti akavuta pumzi. "Mama, tusamehe. Tulijisahau. Kazi yetu ni kutazama watu wakichapa kutwa nzima, inachosha. Halafu zikaja zako. Tulikuwa tunafurahi tu."

"Najua," Shangazi akasema, na alisema kwa upole kabisa. "Na mimi nilikuwa nafurahi. Ndiyo maana sikumwonyesha mtu."

Tulipotoka barabarani jua lilikuwa limepoa kidogo. Nikamuuliza kama tunakwenda nyumbani akaandike barua yake kwa amani.

"Barua zina watu wengi," akasema, akaanza kutembea.

Shangazi ana miaka sitini na tatu na siku hiyo nilimfuata kwa kukimbia. Mitaa minne, nimebeba kompyuta kwapani, jasho linanitoka, yeye mbele hageuki. Mlangoni kwa fundi saa akasimama, akajitengeneza kitambaa cha kichwani, akaniambia, "Wewe kaa hapo." Nikakaa kwenye ngazi ya duka la viatu lililo jirani.

Kioo cha duka lake ni kikubwa na kisafi, na nilipokaa naona kila kitu. Nilimwona mzee akiinua kichwa, lenzi yake ya kazi bado iko jichoni. Nilimwona akijaribu kusimama, goti likamkatalia, akashika meza, akasimama. Shangazi alikuwa ameipa barabara mgongo, mikono imekaa pembeni, haijashika kitu. Midomo ya watu naweza kuisoma, ni kipaji changu kibaya tangu utotoni, na Shangazi alikuwa anageuka polepole kuelekea kwenye mwanga. Sekunde moja tu na ningelijua jibu.

Nikageuza uso. Nikatazama viatu. Kulikuwa na jozi moja ya kahawia, mbele imechongoka, mbaya kupita kiasi, nikaikazia macho hiyo mpaka leo naweza kuichora. Nyuma yangu hapakusikika kitu. Watu walipita, mmoja akanisalimia, nikaitikia viatu. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Najua tu kwamba sikugeuka, na kwamba nilikuwa na furaha ya ajabu ya kutojua.

Kisha mlango ukafunguka na Shangazi akaja akakaa kando yangu kwenye ngazi, yeye ambaye hakai ngazini. Machozi yalikuwa yanamtiririka na meno yote yako nje.

"Nimemwambia ndiyo," akasema. "Amesikia yeye kwanza."

Nikamkumbatia pamoja na kompyuta yake. Akaniacha nimkumbatie kwa muda, kisha akanisukuma kidogo na kujifuta uso kwa kiganja.

"Haya, sasa wapigie simu wale watano uwaambie," akasema. "Maana najua hakuna anayefanya kazi pale."

Nikapiga.